Namna ya kwenda kumwona msanii wa ujana wako akipiga laivu, hata kama unaishi mbali na Kampala

Nina miaka 60. Naishi Tororo, chini ya ule mwamba wetu, na kazi yangu ni kushona nguo za shule na za sherehe. Mwaka jana, Jumamosi moja usiku, niliketi kwenye kiti cha plastiki Kampala, hatua kama kumi na tano kutoka kwa Moses Matovu wa Afrigo Band, bendi kongwe ya Uganda, akipuliza saksofoni. Sauti ile nilikuwa naingoja tangu nikiwa msichana wa miaka 16. Tangu nirudi, wanawake wa rika langu wananiuliza sokoni na kanisani: ulifikaje? Ulilala wapi? Hukuogopa usiku? Nimewajibu mmoja mmoja hadi nimeona heri niyaandike yote pamoja, kwa ajili yao na kwa yeyote mwenye msanii aliyempenda kwa redio tu.

Huenda wako si Afrigo. Huenda ni Mkongo, au Mkenya, au kijana wa Kampala aliyevuma miaka ya 2000 na leo naye ana mvi. Mengi ya haya yatakufaa.

Amua kwamba ni mwaka huu

Nianze na hili kwa sababu ndilo lililonichelewesha mimi. Wala si pesa. Pesa ya kwenda Kampala mara moja ningeipata hata miaka 20 iliyopita. Kilichonichelewesha ni kudhani kwamba msanii hazeeki, kwamba redio ikiendelea kumpiga basi naye yupo tu, ananingoja.

Hebu niwahesabie waliotutoka. Franco alifariki tarehe 12 Oktoba 1989. Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa Franco kabisa, ana kanda zake zimepangwa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, na habari ile ilimkuta akiwa bado anasema iko siku atakwenda Kinshasa. Miezi miwili baadaye, tarehe 15 Desemba, akaondoka Philly Lutaaya wetu, yule aliyesimama mbele ya Waganda na kusema hadharani kwamba ana UKIMWI wakati watu walikuwa hawalitamki hata jina la ugonjwa. Pepe Kalle, 1998. Lucky Dube aliuawa Johannesburg Oktoba 2007. Papa Wemba alianguka jukwaani Abidjan, Aprili 2016, akiwa kazini. Kila mmoja wao alikuwa na mtu mahali fulani aliyekuwa akisema "iko siku".

Afrigo ilianzishwa mwaka 1975. Matovu yumo tangu siku ile, na kabla yake alikuwa Cranes Band. Amevuka miaka 70. Nilipokaa nikapiga hesabu hiyo, hapo mezani kwenye cherehani yangu, niliona aibu kuendelea kungoja. Siku hiyohiyo nilichukua kopo la maziwa ya unga, nikatoboa kifuniko, nikaanza kutia shilingi 10,000 kila Jumamosi jioni baada ya kufunga kazi. Wiki 15 zikanitosha. Fanya hivyo hata kabla hujajua msanii wako anapiga lini na wapi. Ukiwa na pesa mkononi, tarehe utaipata. Ukiisubiri tarehe kwanza, itakukuta huna kitu.

Hakikisha ni yeye, na hakikisha anapiga vyombo

Hapa soma polepole, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapolia.

Mwaka 2016 nililipa shilingi 50,000 kwenda kumwona mwanamuziki mmoja kutoka nje, katika mji mmoja wa huku mashariki. Bango lilikuwa na uso wake umejaa karatasi nzima. Tukakaa kuanzia saa moja jioni hadi saa saba usiku. Wakaimba vijana, akaja mchekeshaji, wakaimba tena vijana. Mwishowe promota akatangaza kwamba mgeni amekwama uwanja wa ndege. Pesa haikurudi. Niliumia miezi, na nadhani maumivu yale yalinirudisha nyuma miaka mingine.

Nilichojifunza ni hiki. Bango lisome lote, hasa maandishi madogo ya chini. Tazama kama imeandikwa "live band". Wasanii wengi siku hizi husimama jukwaani na kuimbia juu ya CD, yaani plebeki: muziki unatoka kwenye kompyuta, yeye anashika maiki, na kwenye kiitikio ile sauti ya kwenye rekodi inaimba naye. Wapo wanaoifurahia, na kwa tamasha la vijana wanaorukaruka sina neno. Lakini wewe umengoja miaka 30 umsikie yeye, pumzi yake, na anapokosea kidogo akacheka na mpiga gitaa. Kwa hiyo uliza waziwazi, "Anakuja na bendi, ama anaimbia CD?" Mtu wa ukumbini atakujibu. Akianza kuzungukazunguka, umeshajibiwa.

Halafu piga simu ukumbini wenyewe. Nambari iliyo kwenye bango ni ya promota, na promota atakuambia kila kitu kiko sawa. Ukumbi una kitabu chake cha tarehe. Mpwa wangu anayeishi Ntinda alipiga kwa niaba yangu akaambiwa bendi ipo Jumamosi hiyo, wanaanza kupima vyombo saa moja, muziki wenyewe ni saa tatu na nusu. Siku mbili kabla, Alhamisi, nikamwomba apige tena. Usione haya kuuliza mara mbili.

Uliza pia ni akina nani waliobaki kwenye bendi. Bendi ni kama ukoo, wengine huolewa mbali. Rachel Magoola, aliyetuimbia kwa Kisoga na Afrigo miaka ya tisini tukacheza hadi viatu vikakatika, mwaka 2021 aliingia bungeni kama mbunge wa Bugweri. Ukienda ukitegemea kuwakuta wote walewale, utatumia usiku mzima ukiwatafuta wasiokuwepo, na waliopo mbele yako watapiga bure.

Nami nitakupa ushauri ambao vijana hawatakupa: kama msanii wako ana bendi inayopiga kila wiki kwenye ukumbi mdogo, nenda huko, usingoje tamasha kubwa la Lugogo. Pale kwenye uwanja wa kriketi utamwona kama kidole cha mtoto, na sura yake utaiangalia kwenye skrini. Kwenye ukumbi mdogo nilimwona Matovu akipangusa mdomo wa saksofoni kwa leso kabla ya kuanza. Kile kitendo kidogo tu kilinipa zaidi ya uwanja mzima.

Tayarisha masikio

Sisi tulikulia nyumba za reli. Baba alikuwa fundi wa injini za treni, tangu zikiwa reli za Afrika Mashariki hadi Jumuiya ilipovunjika 1977 zikawa za Uganda peke yake. Pale kwenye laini zetu walikuwepo Wajaluo, Wasamia, Wajapadhola, Wateso, Wanubi, na lugha ya kuombana chumvi ilikuwa Kiswahili. Redio yetu ilikuwa ya betri sita. Betri zikichoka, baba alizianika juani juu ya bati, na jioni zilikuwa na nguvu ya nyimbo tatu, nne. Mimi na dada yangu tulikaa kwenye kizingiti cha jikoni tukisubiri Radio Uganda iwapige Afrigo kabla betri hazijafa.

Waliimba kwa Kiganda, nasi hatukukijua. Kwa hiyo tulikariri sauti, kisha mmoja wetu akakimbia kwa mama mmoja Mganda, mke wa karani wa stesheni, kumwuliza neno hili maana yake nini. Neno la kwanza la Kiganda nililolijua barabara ni *batuuse*, wamefika. Mume wangu alipokuja kunichumbia, mamake akiwa Mganda, nilimwamkia kwa Kiganda cha nyimbo.

Mara mojamoja bendi za Kampala zilikuja mjini kwetu. Baba alikataa katakata tusiende. Usiku mmoja upepo ulituletea ngoma na besi tu, sauti za waimbaji zikapotelea njiani. Tulilala na besi ile.

Nakueleza haya kwa sababu ndiyo mazoezi ninayotaka ufanye. Wiki moja kabla ya kwenda, kaa chini ukumbuke ulikuwa unazisikilizia wapi zile nyimbo, na nani, redio gani. Kisha zisikilize tena, wimbo mmoja au miwili kwa siku, si zaidi, usije ukafika umezichoka. Na maneno usiyoyaelewa, yaulize sasa. Mimi nilimwuliza mama mkwe wimbo mmoja wa mapenzi ambao kwa miaka 40 nilidhani ni wa furaha. Kumbe yule mwanamume anaomba msamaha.

Halafu, na hili ni muhimu, tafuta rekodi yake ya hivi karibuni, video ya mwaka huu au uliopita iliyochukuliwa ukumbini. Itazame hadi mwisho. Sauti ya mtu wa miaka 70 si ya mtu wa miaka 30. Bendi inayojua kazi hushusha ufunguo wa wimbo ili mwimbaji asijikaze, na zile sehemu za juu huwaachia waimbaji vijana. Mwendo nao waweza kupungua kidogo. Ukishaisikia tofauti hiyo nyumbani, hutashtuka ukumbini ukaanza kunung'unika moyoni. Utakuwa huru kusikia alichokipata badala yake. Mimi nilikisikia: saksofoni ya zamani ya redioni ilikuwa inakimbia, na hii ya sasa inangoja. Anaacha nafasi kabla ya noti, hadi unajikuta umeshika pumzi.

Na masikio yenyewe uyalinde. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilisema muziki wa ukumbini usizidi desibeli 100 kwa wastani, lakini hakuna atakayekuja na kipimo kukulinda. Usiketi mbele ya spika hata kama kiti kimebaki hicho kimoja. Kaa katikati, nyuma kidogo. Duka la dawa linauza vile vizibo vya sponji vya masikio. Kisokote kiwe chembamba, kitie, kishikilie kwa kidole mpaka kijae. Pamba haitoshi. Muziki bado utausikia, ila kwa sauti ya chini. Nilivitoa kwa wimbo mmoja tu, nitakuambia upi.

Safari, na nani wa kwenda naye

Kutoka Tororo hadi Kampala ni kilomita zipatazo 210. Nilipanda basi la saa kumi na mbili asubuhi, Jumamosi yenyewe. Usifanye kosa la kuondoka mchana ukidhani ni safari ya saa nne tu. Bugiri, Iganga, daraja la Jinja, msitu wa Mabira, hayo yote yanapita vizuri. Kisha unafika Mukono na magari yamesimama kama mifugo kwenye birika. Mimi niliingia mjini saa saba mchana. Nikaenda kwa mpwa wangu, nikaoga, nikala wali na maharage, nikalala saa mbili nzima na simu nimeizima. Usingizi ule wa alasiri ndio ulionifikisha saa nane usiku nikiwa macho. Kama huna ndugu mjini, lipia chumba karibu na ukumbi, si karibu na paki ya teksi. Na usipange kurudi kijijini usiku uleule kwa hali yoyote. Barabara ile usiku ina malori ya mizigo ya kwenda Malaba na Busia, na dereva wako naye atakuwa amechoka.

Nani wa kwenda naye? Ningemtaka dada yangu, lakini yuko Kisumu na magoti hayamruhusu tena safari ndefu. Nikaenda na mpwa, kijana wa miaka 28 asiyejua wimbo hata mmoja. Nilihofia ataniharakisha. Kumbe mtu asiyejua ni mwenzi mzuri ukimwambia mapema unachokitaka. Nilimwambia, "Mwanangu, leo hatuondoki mpaka waanze kukunja nyaya." Akasema, "Sawa, shangazi." Alishika ahadi. Mtu wa kumwogopa ni yule anayekuja kwa ajili ya bia, au yule atakayekuambia kila baada ya wimbo kwamba zamani walikuwa bora.

Mlangoni na ndani

Kwa kumbi ndogo kiingilio hulipwa mlangoni. Mimi nililipa 20,000. Kwa matamasha makubwa watu hununua mapema kwa mobile money. Ujumbe wa malipo usiufute hadi urudi nyumbani, na tiketi nunua kwa wenyewe, usinunue kwa kijana anayezungukazunguka nje ya geti. Viti vya VIP na meza za mbele sijavilipia. Kwenye ukumbi mdogo ukiwahi, mahali pazuri unapata kwa kiingilio cha kawaida. Tulifika saa moja na nusu wakati wanapima vyombo. Nilisikia ngoma moja moja, besi, kisha tarumbeta ikipigwa bila wimbo. Hiyo saa moja ya maandalizi ni sehemu ya onyesho, na hailipiwi zaidi.

Mkoba utapekuliwa. Tangu mabomu ya Julai 2010 ya Kyadondo na Kabalagala, ukaguzi ni jambo la kawaida, na ni kwa usalama wetu. Beba mkoba mdogo. Dawa zako zikae ndani ya pakiti yake. Mimi ninatumia dawa za presha, nilizimeza saa ileile ya kila siku, nikabeba na za asubuhi endapo tungechelewa. Askari wa mlangoni alikuwa anazungumza Kiganda na watu wote kwa sura ngumu. Nikamwambia, "Afande, habari za kazi? Nimetoka Tororo kumwona Matovu." Uso wake ukafunguka. Kiswahili kwa Uganda ni lugha ya kambi na ya askari, na sisi wa mashariki tukikitumia kwa adabu kinafungua njia. "Karibu sana, mama," akasema, akamwita kijana anitafutie kiti chenye mgongo mzima.

Ukishaketi, fanya mambo mawili kabla ya kuagiza soda. Jua choo kiko wapi. Na jua milango ya kutokea ni mingapi na iko upande gani. Mkesha wa mwaka mpya wa 2023, kwenye jumba moja la biashara barabara ya Entebbe, watu waliokwenda kutazama fataki walikanyagana kwenye njia nyembamba, na wengi wa waliokufa walikuwa watoto na vijana. Tangu hapo sikai mahali bila kuhesabu milango. Muziki ukiisha, usikimbilie kutoka na kundi. Kaa. Maliza soda yako.

Mavazi: vaa kinachokupendeza, kwa sababu unakwenda kumwona mtu uliyempenda. Nilijishonea gauni la kitenge la kijani, mikono mirefu, maana Kampala usiku kuna baridi kuliko unavyofikiri. Viatu vya chini. Kama ni uwanja wa nyasi na ni miezi ya mvua, Machi hadi Mei au Septemba hadi Novemba, viatu vya kufunga na koti la mvua. Mwavuli utamziba aliye nyuma yako.

Muziki ukianza

Hawaanzi saa iliyotangazwa. Zoea hilo mapema, lisikuharibie moyo. Saa nne kasoro wakapanda: ngoma, besi, magitaa, kinanda, wapuliza tarumbeta na saksofoni. Nyimbo mbili za kwanza mara nyingi ni za kupasha moto, na mkubwa mwenyewe huja baadaye. Usitoe simu bado.

Kuhusu simu nina msimamo mkali. Rekodi wimbo mmoja, uchague tangu nyumbani, kisha itie mkobani. Nilitazama watu mbele yangu wakimwangalia Matovu kupitia kioo cha vidole vitatu, naye yuko pale pale, mwenye damu na nyama. Wamengoja miaka, kisha wakamweka kwenye simu kumtazama nyumbani.

Kama unataka wimbo fulani, uandike kwenye karatasi, jina lake na mahali unapotoka, mpe mhudumu aupeleke kwa mshehereshaji mapema, kabla ya mapumziko. Usipige kelele kutoka kitini. Na ukitaka kumtunza msanii, beba noti ndogo zilizokunjwa vizuri. Mimi nilikuwa na noti nne za 5,000. Subiri maneno yaishe, vyombo vikiwa vinacheza peke yake, ndipo uende ukicheza taratibu, uiweke mkononi au kwenye chombo kilichowekwa mbele. Mpuliza saksofoni akiwa na saksofoni mdomoni, usimguse. Wape na wale wa nyuma. Mpiga besi yule alikuwa mtu mzima, kichwa kimeinama, na hakuna aliyemwendea usiku ule isipokuwa mimi. Nilimwambia kwa Kiswahili kwamba besi yake niliwahi kulala nayo miaka mingi iliyopita, yake au ya mwingine aliyekuwa mahali pake. Sidhani alinisikia kwa kelele zile. Alitikisa kichwa akatabasamu.

Kisha ukaja ule wimbo. Wa yule mwanamume anayeomba msamaha. Nilivua vizibo vya masikio, vyote viwili. Nilidhani nitaimba, nilikuwa nimejitayarisha wiki nzima. Sauti haikutoka. Hapo usijilazimishe wala usione haya kwa majirani. Wengi wao wamekuja na wafu wao, kama wewe. Mwanamke wa meza ya pili, simjui, Mganda wa rika langu, aliniangalia akanisogezea leso ya karatasi bila neno. Baadaye aliniita, "Nnyabo," yaani mama, "tucheze." Tukacheza pamoja nyimbo tatu, magoti yakiuma.

Walimaliza saa nane kasoro robo. Mpwa alishaita boda kwa programu ya simu, mbili, kofia ngumu zipo. Usipande ile ya kwanza inayokusogelea gizani, hata kama ni rahisi. Asubuhi nililala hadi saa tatu, nikachelewa kanisa kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Nauli ya basi 60,000 kwenda na kurudi, kiingilio 20,000, nyama na soda 25,000, boda 15,000, kutunza 20,000, vizibo 5,000. Kwenye zile 150,000 za kopo zilibaki 5,000.

Rekodi ile ya wimbo mmoja nilimtumia dada yangu Kisumu kwa WhatsApp, nikiwa bado ndani ya basi, Mabira imetanda pande zote. Alama mbili za buluu zikatokea. Akanyamaza muda mrefu, hadi tukavuka daraja la Jinja. Ndipo akapiga. Hakunisalimu. Nyuma yake nilisikia saksofoni inalia kwenye simu ya mwanawe, akasema, "Ngoja, ngoja usiseme, anakuja kwenye lile neno letu."